Seva inakwama kwenye mafaili ya mvua

SWALI: Mwalimu, salaam. Tunahifadhi takwimu za mvua za bonde la mto Nyando. Kila siku ina faili lake la netCDF (muundo wa kuhifadhi data za ramani na muda), tangu Januari 1981 hadi Desemba 2024, na seva yetu ya THREDDS, programu ya kugawa data kwa mtandao, huyaunganisha yaonekane kama faili moja. Mtu akiomba mvua ya mji wa Ahero peke yake kwa miaka yote, anangoja mpaka muunganisho unakatika. Bosi anasema tuongeze memori. Je, itasaidia? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, mwombe bosi asilipe kwanza. Miaka hiyo 44 ni mafaili 16,071. Ili kukupa mvua ya Ahero, seva hufungua kila faili, husoma kichwa chake, huchota namba moja, hulifunga, kisha huhamia linalofuata. Memori haipunguzi safari hizo. Na kama mafaili yamebanwa, kuna mzigo mwingine: netCDF-4 hubana data kwa vipande, na kipande hakifumuliwi nusu. Kwa sehemu moja tu ya Ahero, huenda seva inafumua bonde zima.

Unganisheni kila mwaka uwe faili moja. Amri ya cdo mergetime inatosha. Mtabaki na mafaili 44. Halafu mpange vipande upya, viwe virefu upande wa muda na vyembamba upande wa ramani:

nccopy -d1 -c time/122,lat/20,lon/20 zamani.nc mpya.nc

(Majina ya vipimo yaandikeni kama yalivyo kwenye mafaili yenu.) Nimechagua 122 kwa sababu mara tatu ni 366, hivyo mwaka mrefu hauachi siku moja ikijaziwa kipande kizima peke yake.

Anayetaka ramani ya siku moja sasa ndiye atakayecheleweshwa, kwa hiyo msifute mafaili ya zamani. Mimi ningeweka nakala zote mbili. Watu wa uwanda wa Kano, uliko Ahero, wanaishi na mafuriko, na anayepanga tuta au daraja huko anahitaji historia ndefu ya mahali pamoja, tena aipate upesi.

Jambo dogo: kama mmeweka recheckEvery (mpangilio unaoiambia seva ikague kila mara kama kuna mafaili mapya), iondoeni kwa miaka iliyokwisha. Mvua ya 1997 haibadiliki.

Jaribuni kwanza na miaka mitano, kwa ombi lile lile la Ahero. Ikiendelea kukokota, endesha amri ya ncdump -hs kwenye faili moja unitumie mstari wa _ChunkSizes, unaoonyesha ukubwa wa vipande.