Majibu kwa Wasomaji: Foleni Huhesabiwa Kabla Ngome Haijachorwa

Swali kutoka Morogoro: *Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu waliniuliza bustani kubwa ya burudani kama Disneyland ya Marekani huanzia wapi: kwenye mchoro, kwenye fedha au kwenye ardhi? Ningependa kuwapa jibu lililo sahihi.*

Ndugu Mwalimu, huanzia kwenye hesabu ya watu, na wanafunzi wako watafurahi kusikia kwamba hesabu hiyo ni ya kijiografia hasa. Mwaka 1953 Walt Disney alilitafuta shirika la utafiti la Stanford ili limshauri mahali pa kujenga, na kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa mchumi aliyeitwa Harrison Price. Price hakuanza kwa kuuliza ni wapi penye mandhari nzuri. Alichunguza wakazi wa kusini mwa California walikuwa wanahamia upande gani, barabara kuu mpya zingepita wapi, mvua na joto vikoje, na bei ya ardhi ikoje, kisha akaelekeza kidole kwenye mashamba ya michungwa ya Anaheim, karibu na barabara kuu ya Santa Ana iliyokuwa ikijengwa. Ardhi iliyonunuliwa ilikuwa ekari 160 hivi.

Mchoro ulikuja baada ya hapo, tena kwa haraka. Mnamo Septemba 1953 msanii Herb Ryman alikaa na Disney siku mbili za mwisho wa wiki, mmoja akieleza na mwingine akichora, hadi ikapatikana ramani kubwa ambayo Roy, kaka yake Walt, aliipeleka New York kuwaonyesha watu wa televisheni na wenye fedha. Shirika la televisheni la ABC ndilo lililokubali kuweka mtaji na kudhamini mikopo, nalo likapata kipindi cha kurusha hewani. Ujenzi ulianza Julai 1954 na milango ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955, kwa gharama ya dola milioni 17 hivi.

Mwaka mmoja ni muda mfupi mno kwa kazi ya namna hiyo, na siku ya ufunguzi ilidhihirisha hivyo. Joto lilikaribia nyuzi 38, lami iliyokuwa haijakauka vizuri ilinasa visigino vya viatu vya wanawake, tiketi za kughushi ziliongeza umati, na kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba Disney alilazimika kuchagua kati ya mabomba ya maji ya kunywa na vyoo. Alichagua vyoo, na kwa maoni yangu alichagua vyema. Hata hivyo, hesabu ya Price kuhusu mahali haikukosea: kabla ya miezi miwili kutimia, watu milioni moja walikuwa wamekwisha kuingia.

Swali kutoka Mombasa: *Mimi ni fundi mwashi kwa miaka mingi. Niliambiwa kwamba bustani ya Disney iliyoko Florida imejengwa kwenye kinamasi, na kwamba chini yake mna njia ambazo wafanyakazi hupita bila kuonekana. Penye maji yaliyo karibu hivyo na uso wa ardhi, waliwezaje kuchimba njia hizo?*

Ndugu fundi, shaka yako ni ya mtu anayeijua kazi yake, kwa maana hawakuzichimba. Bustani iitwayo Magic Kingdom ina njia pana za chini ambamo hupita wafanyakazi, mizigo, nyaya na mabomba, lakini njia hizo zimejengwa juu ya ardhi ya asili. Kuta na dari zake za zege zilisimamishwa kwanza, kisha udongo uliochimbwa ili kupata ziwa lililo mbele ya bustani ukaletwa na kumwagwa kuzizunguka, na mitaa ambayo wageni wanaitembea ikajengwa juu yake. Kwa hiyo mgeni anayesimama mbele ya ngome yumo, kwa hakika, katika ghorofa ya kwanza, ingawa mwinuko wa njia ya kuingilia ni wa taratibu kiasi kwamba mguu hausikii.

Kazi ya maji ilitangulia yote hayo, nami huiona kuwa ndiyo sehemu ya kustaajabisha kuliko zote. Kati ya mwaka 1964 na 1965 kampuni zenye majina mbalimbali, zilizokuwa zikificha jina la Disney ili bei isipande, zilinunua zaidi ya ekari 27,000 karibu na Orlando kwa jumla ya dola milioni 5 na ushei. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi na misitu ya miti inayoota majini. Jenerali mstaafu wa uhandisi, William Potter, aliyejulikana kwa jina la Joe, alisimamia uchimbaji wa mtandao wa mifereji yenye urefu wa makumi ya maili, ambayo wenyeji wa kazi waliiita mitaro ya Joe. Mifereji hiyo haikunyooshwa kama rula, bali ilipindishwa ili ifanane na mito, na malango yake hufunguka na kujifunga yenyewe kwa maboya yanayopanda na kushuka pamoja na maji, bila umeme na bila mlinzi. Lengo halikuwa kukausha nchi nzima, kwa kuwa ardhi ya namna hiyo ikikaushwa mno hutitia na miti hufa. Lengo lilikuwa kuyaweka maji katika kimo kilichopangwa.

Anaheim walipata tatizo la kinyume. Mto wao wa kutengenezwa, ulipojazwa kwa mara ya kwanza, ulinywewa na udongo, na ikabidi sakafu yake itandazwe udongo wa mfinyanzi ndipo maji yakatulia. Wewe uliyewahi kujenga kisima au tangi utaelewa mafundi walijisikiaje asubuhi ile.

Swali kutoka Nairobi: *Nasomea usanifu wa majengo chuoni. Kama wenye bustani hizi wana fedha nyingi, mbona hawaongezi michezo hadi foleni ziishe kabisa?*

Swali lako ndilo kiini cha taaluma hii. Mpangaji hukadiria kwanza watu watakaokuja kwa mwaka, akiwatenga wakazi wa karibu na wasafiri wa mbali, kwa kuwa makundi hayo mawili huja kwa sababu tofauti na kwa misimu tofauti. Halafu huchagua siku ya kubunia: si siku moja yenye umati kuliko zote, kwa sababu anayejenga kwa ajili ya siku hiyo ataacha fedha yake imelala mwaka mzima, bali wastani wa siku chache zenye watu wengi. Kutokana na siku hiyo hupata idadi ya watu watakaokuwa ndani kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme watu 30,000 wamo ndani, na kila mmoja anahitaji jambo moja na nusu la kufanya kwa saa. Bustani itahitaji nafasi 45,000 kila saa. Sasa angalia chombo cha mchezo kinachobeba watu 20 na kuondoka kila baada ya sekunde 40: safari 90 kwa saa, watu 1,800. Chombo hicho kikubwa na cha gharama kimebeba asilimia 4 tu ya mahitaji. Zilizobaki zitabebwa na maonyesho ya jukwaani, migahawa, maduka, maandamano ya burudani ya jioni, na viti vya chini ya miti. Ndiyo sababu mahali pa kupandia na kushukia hupewa uzito mkubwa mno katika michoro, kwani familia inayokawia kukaa sekunde 10 zaidi huzichelewesha safari zote zinazofuata.

Mfano wa kweli ni wa mashua za Pirates of the Caribbean, zilizofunguliwa Disneyland mwaka 1967. Wazo la kwanza lilikuwa jumba la sanamu ambalo watu wangelipitia kwa miguu. Lakini katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964 na 1965, mashua za “it’s a small world” zilizosukumwa na maji zilionyesha kwamba zinaweza kupitisha umati mkubwa bila kukwama, na mpango ukabadilishwa. Nakusihi, kama mwanafunzi wa usanifu, uutazame pia mteremko ulio mwanzoni mwa safari hiyo. Bustani imezungukwa na tuta la udongo linalobeba reli ya treni na kuzuia mji wa nje usionekane, na ndani ya tuta hapakuwa na nafasi ya jengo kubwa la maonyesho. Jengo likawekwa nje, na mashua huporomoka ili zipite chini ya reli. Abiria hupiga kelele za furaha, kumbe wanavushwa mpaka wa bustani. Ufumbuzi wa tatizo la ardhi ukigeuka kuwa raha ya mgeni kiasi hicho, huo kwangu ndio usanifu uliokomaa.

Swali kutoka Dar es Salaam: *Binti yangu ana hamu ya kupanda rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi, atakapomtembelea shangazi yake Marekani. Mimi kama mama yake nina hofu. Ni nini kinachozuia treni mbili zisigongane?*

Mama, njia ya reli hugawanywa katika vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande ambacho treni nyingine bado imo. Mwisho wa kila kipande pana breki au mnyororo unaoweza kuisimamisha, na idadi ya treni huwa daima chini ya idadi ya vipande. Katika mifumo mingi, breki hizo hufungwa na nguvu ya springi na hufunguliwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa hiyo hewa au umeme ukikatika, breki hukaza.

Umbo la reli nalo lina historia. Vitanzi, yaani sehemu ambako reli huzunguka na kumpindua abiria kichwa chini, katika karne ya 19 vilikuwa duara kamili na viliumiza shingo, kwa kuwa mwili ulikandamizwa ghafla mara tu treni ilipoingia kitanzini. Mwaka 1976, katika bustani ya Magic Mountain huko California, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alitumia kitanzi chenye umbo la tone la maji lililopinduliwa: mpindo mpana chini, ambako mwendo ni mkali, na mpindo wa kubana juu, ambako mwendo umepungua. Kabla ya rolakosta kufunguliwa, treni hukimbizwa mara nyingi ikiwa na wanasesere waliojazwa maji badala ya watu. Binti yako apimwe kimo bila kubembelezewa, maana kizuizi cha kiti kimebuniwa kwa mwili wenye ukubwa fulani.

Swali kutoka Muscat: *Huku kwetu jua la kiangazi halivumiliki. Bustani kama hizo hubuniwaje kwa nchi za joto?*

Hali ya hewa hubadilisha mchoro mzima. Katika bustani ya Disney iliyo karibu na Tokyo, mwaka 1983, mtaa wa kuingilia ulifunikwa kwa paa la kioo kwa sababu ya mvua. Katika ile iliyo karibu na Paris, mwaka 1992, ziliongezwa njia zilizoezekwa pembeni mwa mtaa kwa sababu ya baridi. Kwa majirani zako wa Abu Dhabi, wabunifu waliiingiza karibu bustani nzima ndani ya jengo lenye viyoyozi: Ferrari World ya mwaka 2010 imekaa chini ya paa moja kubwa jekundu, na Warner Bros. World ya mwaka 2018 yote imo ndani. Kisichoweza kuezekwa ni mwendo wenyewe. Rolakosta ya Formula Rossa, iliyoko Ferrari World, hufikia kilomita 240 kwa saa, na mwendo huo unahitaji reli ndefu kuliko jengo, hivyo treni hutoka nje ya paa hadi kwenye upepo na mchanga, na kila abiria hupewa miwani ya kukinga macho kabla haijaondoka.