Mwalimu, anza kuuza kilicho chako

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Morogoro, nina miaka 41, mke na watoto wawili. Mmoja yuko darasa la tano, mwingine kidato cha pili, wote shule za serikali. Mshahara wangu ni 1,020,000, lakini nilikopa benki milioni 18 za kumalizia nyumba, kwa hiyo baada ya makato naambulia 345,000. Maisha yakabana. Kwa ajili ya ada na matumizi ya nyumbani nikakopa laki tano kwa mtu binafsi, riba asilimia 30 kwa mwezi, akashika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Baada ya hapo nikaingia kwenye mikopo ya simu, programu tatu. Mara nyingine nachukua Ijumaa nikitegemea Jumapili nitarudisha, lakini mambo hayaendi. Nikachukua na laki tatu kwenye mfuko wa rambirambi wa walimu wenzangu, ambao mimi ndiye mtunza hazina. Ukiacha benki, nadaiwa kama 2,600,000. Wameanza kutuma meseji za kunidhalilisha kwa mwalimu mkuu na kwa mashemeji, na hata mafuta ya pikipiki yangu ni shida. Mke wangu anauza vitumbua, na ana kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Kuna mtu anatoa milioni 8. Nimemwomba tukiuze tulipe madeni, inayobaki nifanyie biashara. Amegoma, amehamia chumba cha watoto, na hati kaipeleka kwa mama yake. Mama mkwe ndiye anayemjaza maneno. Nimwingieje mke wangu aelewe kwamba ndoa ni kusaidiana?*

*Mwenye Mzigo, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kutukanwa kwa meseji mpaka mashemeji wasome ni jambo la kumkosesha mtu usingizi, na hapo nakuhurumia kwa dhati. Pole yangu inaishia hapo. Tuje kwenye barua.

Unasema ulikopa kwa ajili ya ada. Ada ipi, mwalimu? Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na wewe ndiye unayesimama mbele ya wazazi kuwaeleza hilo. Sare zipo, madaftari yapo, michango midogomidogo haikosi. Sikatai. Ila usiniletee neno "ada" kwa sababu linasikika vizuri masikioni mwa shangazi.

Halafu kuna sentensi umeipitisha harakaharaka ukidhani sitaiona. Unachukua Ijumaa ukitegemea Jumapili utarudisha. Nani analipwa Jumapili? Mshahara wa serikali hauji Jumapili, wala mpunga hauvunwi ukauzwa kati ya Ijumaa na Jumapili. Kinachokuwepo siku hizo ni mpira wa Ulaya, na mwanaume anayengoja hela ya Jumapili anaomba mkeka wake wa kubeti usichanike. Kama nakusingizia, basi nisamehe, ila kamweleze mkeo kilichokuwa kinakuja Jumapili ni nini. Nadhani jibu analo tayari, ndiyo maana analala chumba cha watoto.

Sasa hesabu, maana wewe unaifundisha. Kiwanja milioni 8, madeni 2,600,000. Inabaki 5,400,000, "nifanyie biashara". Biashara gani? Hukuitaja. Mtu mwenye wazo la biashara hawezi kujizuia, atakuelezea mpaka rangi ya fremu atakayopanga. Wewe umeandika neno moja ukakimbia. Yaani urithi wa mtoto wa watu uuzwe wote ili theluthi yake ilipe deni lako, na theluthi mbili uzishike wewe, ambaye kadi yako ya benki iko mfukoni kwa mtu mwingine. Mama mkwe wako simjui, lakini kama amemwambia binti yake hati isikae nyumba moja na wewe, amemwambia neno la mama mwenye akili.

Na sheria iko upande wao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke. Alichoachiwa na baba yake ni chake, hata angekupikia miaka 50. Usimpelekee wazee wakamlainishe, wala mchungaji, wala shehe.

Kuna kitu kingine sikukiona kwenye barua yako, na nilikitafuta. Kadi iko kwa mkopeshaji, salio la simu linaliwa na programu, lakini watoto wanakula, wanafuliwa, wanakwenda shule. Nani analipa? Hukuandika hata nusu mstari. Ni vitumbua, mwanangu. Mwanamke anaamka saa kumi usiku kukoroga unga ili familia yako isilale njaa, halafu unaniuliza ataelewaje kwamba ndoa ni kusaidiana.

Na wakati unapigia hesabu kiwanja chake, pikipiki yako umeitaja kwa habari ya mafuta tu. Haikukupitia akilini kwamba nayo inauzika?

Niruhusu nitoke nje ya barua kidogo, kwa sababu si wewe peke yako. Ndoa za siku hizi zina namba za siri nyingi kuliko siri zenyewe. Mume ana yake, mke ana yake, na wanalala kila mmoja simu iko chini ya mto. Zamani mtu akikwama alianza kwa mkewe, kisha kaka yake, kisha jirani, na mgeni alikuwa wa mwisho kabisa. Sasa tunaanza kwa mgeni. Mkopeshaji anajua mshahara wako unaingia tarehe ngapi, mke hajui. Akija kujua, anajulishwa na meseji ya matusi iliyotumwa kwa kaka yake.

Wanawake wenzangu nao wasicheke. Mitaani kwetu kuna akina mama wanaochukua kausha damu, mikopo ya riba kali, mume asijue, na siku ya marejesho ikifika wanajifungia ndani au wanasafiri ghafla kwenda kuuguza mtu ambaye haumwi. Kikundi kinakuja kubeba sofa na televisheni, mwenye nyumba anarudi kutoka kazini anakuta kuta. Ukiuliza hela ilikwenda wapi, utaambiwa biashara. Ukichimba, utakuta sare ya sendoff, mchango wa harusi ya mtoto wa mtu ambaye hata hawasalimiani vizuri, na keki ya kumfurahisha mwenyekiti wa kamati. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wazee, na enzi zao hakukuwa na simu inayokukopesha saa nane za usiku bila kukuuliza za kwako. Wanandoa wanaooneshana hati ya mshahara ni wachache mno, wakati miili wameoneshana tangu siku ya kwanza. Mficha uchi hazai, nasi tumeujua uchi wa nguo tu, wa madeni tunausetiri.

Haya, turudi kwako. Mfuko wa rambirambi ndio wa kwanza, na usiniambie ulikopa. Mtunza hazina hajikopeshi mwenyewe. Ulichukua. Mwalimu mwenzako akifiwa kesho na sanduku likakutwa tupu, hakuna meseji ya mkopeshaji itakayokuaibisha kama siku hiyo, na hapo habari itatoka ofisi ya walimu iende polisi. Uza pikipiki wiki hii. Ukipata milioni moja na nusu hivi, laki tatu irudi kwenye mfuko wa rambirambi siku hiyohiyo, uombe radhi, na kazi ya kutunza hela za watu uikabidhi kwa mwingine. Shuleni utakwenda kwa miguu au kwa baiskeli kama wanafunzi wako.

Pili, kadi. Nenda tawini na kitambulisho, waambie namba ya siri inajulikana na mtu mwingine, ifungiwe, upewe kadi mpya na namba mpya. Lakini usifanye hivyo kama mwizi anayekimbia. Siku hiyohiyo mwendee mkopeshaji pamoja na shahidi, ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa, mwambie kwa maandishi kwamba deni unalitambua na utalilipa. Kisha mwombe akuoneshe leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya kazi ya kukopesha awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja lake Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Pigia hesabu laki tano zako. Kwa asilimia 30 unamlipa riba 150,000 kila mwezi, mwaka unaisha umetoa 1,800,000 na laki tano bado zinakungoja palepale. Kwa asilimia 3.5 riba ingekuwa 17,500. Andika kila alichotoa kwenye akaunti yako tangu kadi iwe kwake, taarifa ya benki itakuonesha tarehe na kiasi. Huenda laki tano zake alishazipata zamani, nawe unaendelea kumlisha. Akiona karatasi hiyo na neno Benki Kuu, mazungumzo yatakuwa ya heshima zaidi.

Programu za simu nazo uzikague moja moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Angalia kama zako zimo. Hata kama zimo, hela uliyopokea umeipokea, usianze kujifanya mwanasheria. Ila kutuma habari za deni lako kwa mwalimu mkuu na mashemeji ni kosa jingine. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Piga picha meseji zote kabla hujazifuta. Ingia kwenye simu uzinyime hizo programu ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Na mwalimu mkuu mwendee mwenyewe ofisini, umwambie, "Nadaiwa, nimeanza kulipa, meseji hizi ndizo hizo." Dakika tano za aibu, basi. Anayekutisha kwa siri hana la kufanya siri ikishatoka kinywani mwako. Na programu za kubeti zifute leo.

Kuna watu watakushauri uende benki ukaombe topapu, yaani nyongeza juu ya mkopo ulio nao. Usiende. Ulichobakiwa nacho, 345,000, ni theluthi ya mshahara wako na vijisenti kidogo. Theluthi hiyo inaachwa kwa mtumishi wa umma ili apate kula, na wewe hata hiyo uliiweka rehani. Kukopa ili kulipa ndiko kulikokutoa deni moja hadi matano. Na nyumba uliyoimalizia usiithubutu. Kifungu cha 59 cha sheria ileile ya ndoa hakikuruhusu kuuza wala kuweka dhamana nyumba ya familia bila ridhaa ya mkeo, na kwa hali ilivyo chumba cha watoto, ridhaa usiitegemee.

Hesabu ya mwezi iwe hivi. Mshahara ukiingia kwenye kadi mpya, laki moja iende kwenye madeni, deni lenye riba kali likitangulia. Inayobaki yote, 245,000, mkabidhi mkeo. Usimgawie, mkabidhi. Yeye ameonesha anaweza kuiendesha nyumba kwa vitumbua, wewe umeonesha huwezi kuiendesha kwa mshahara. Pikipiki ikiuzwa vizuri na riba haramu ikikatwa, huna hata mwaka wa mateso mbele yako. Kiwanja hakihitajiki popote kwenye hesabu hii.

Umeniuliza umwingieje. Usimwingie kwa kiwanja. Kaa naye sebuleni watoto wakishalala, weka mezani hati ya mshahara, taarifa ya benki, na orodha ya kila anayekudai na kiasi chake, maana hata kwangu umeandika jumla bila kuichanganua. Mweleze habari ya Jumapili kwa mdomo wako. Usiseme "nilikuwa nahangaikia familia". Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usimwombe majibu usiku huo. Neno kiwanja lisitamkwe, na kwa mama yake nenda siku nyingine, kusalimia tu, mikono ikiwa na sukari. Mkeo akikuuliza pikipiki umeuza shilingi ngapi, mtajie bei ileile uliyolipwa.