Kompyuta inaganda: kosa ni la Windows?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Morogoro, kompyuta tatu za mezani za mtumba, zote Windows 10. Moja inaganda mara mbili tatu kwa siku, na wiki hii imeanza kutoa skrini ya bluu. Jamaa mmoja ananiambia nihamie Linux, eti haigandi kamwe. Mwingine anasema dawa ni Mac tu. Ipi imara zaidi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umesema inaganda moja. Hizo mbili zinadunda na Windows ileile, umeme uleule, kazi zilezile. Sasa mfumo unashtakiwa kwa lipi?

Sifa mbaya ya Windows ina chimbuko lake. Enzi za Windows 95 na 98, programu moja ikivurugika iliweza kuzamisha mashine nzima, maana ukuta kati ya programu na kiini cha mfumo ulikuwa na matundu. Mac OS 9 ilikuwa na ugonjwa huohuo, ingawa wapenzi wa Mac hawapendi kukumbushwa. Mwaka 2001 Windows XP ikawapelekea watu wa kawaida kiini cha NT, Apple nao wakatoa Mac OS X yenye asili ya mfumo wa Unix, na yote miwili ilikuwa na ukuta imara. Linux ukuta huo ilikuwa nao tangu mwanzo.

Siku hizi kinachoangusha mfumo kwa kawaida ni kilichomo ndani ya ukuta, yaani draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), au kifaa kibovu. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka kwa sababu ya faili moja bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayokaa kwenye kiini. Linux nayo ukiipa draiva mbovu itaanguka. Mac hutulia kwa sababu Apple hutengeneza mashine na mfumo pamoja. Ila Mac za sasa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikifa huibadilishi, imeunganishwa humohumo.

Niliwahi kuletewa mashine kama yako. Mwenyewe alishapiga Windows upya mara mbili, akaweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, wapi! Nikaiwasha kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, na hazikupita dakika tano mistari myekundu ikaanza kumiminika. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikarudisha. Mistari ileile. Kununua kipande kingine ndiko kulikomaliza kesi.

Kwa hiyo anza hivi. Bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona grafu ya siku kwa siku yenye alama nyekundu. Jina la draiva au programu likijirudia, umeshika pa kuanzia. Kisha zima, chomoa umeme, hamishia RAM yake kwenye mojawapo ya zile mbili zisizoumwa, kama ni za aina moja. Ugonjwa ukihama nayo, umempata.

Linux bado ina hoja, lakini siyo hiyo ya kuganda: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Ukiamua kuhama, chukua Debian (Linux nyingine) au Ubuntu LTS, yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu, iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, uchapishe na kuskani na printa yako kabla hujafuta chochote.