Amefiwa na nani? Kwa wanaobishania machozi ya Star Trek

Mama mkubwa wangu anauza mitumba Kiboriloni, hapa Moshi, na Kiingereza chake kinaishia kwenye saizi za nguo. Jumapili moja ya masika mvua ilimzuia kupanda daladala, akaja kujikinga kwenye banda la Fundi, ambako sisi tulikuwa tunaangalia Star Trek: Discovery, mmoja wa mifululizo ya TV ya Kimarekani ya Star Trek, ya safari za angani. Alipewa kiti na kikombe cha chai. Akavumilia meli za angani, akavumilia masikio yaliyochongoka. Ikafika mahali stelingi, Michael Burnham, anaongea na mwenzake huku machozi yanamlengalenga. Mama mkubwa akaweka kikombe chini, akanigeukia, akauliza kwa sauti ya huruma kabisa:

"Kwani huyu dada amefiwa na nani?"

Nikasema, "Hajafiwa, Mama. Anamwambia mwenzake kwamba anamwamini."

"Ahaa." Akachukua kikombe chake.

Tulicheka mpaka Fundi akalazimika kusimamisha picha. Kijiwe chetu si kikubwa: Fundi mwenyewe, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mimi, binti mmoja wa chuo anayeishi nyumba ya pili, na yeyote anayepita akavutiwa na TV ya inchi 43 ambayo mwenyewe aliileta kutengenezwa, hajarudi hadi leo. Binti peke yake ndiye hakucheka. Mimi, kwa kuwa nimeshaona watu wako upande wangu, nikaanzisha ligi. Nikasema Star Trek imeharibika, imekuwa tamthilia ya saa mbili usiku, zamani wanaume walikuwa kazini na kazi inafanyika. Nikamalizia kwa sentensi ambayo bado inaniuma, kuhusu yule afisa mtulivu wa mfululizo wa kwanza, mwenye masikio yaliyochongoka: "Spock hakuwahi kulia hata siku moja."

"Anko, umeziangalia zote?" binti akauliza.

"Nimeanza kuangalia kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo panapoanzia ushauri wangu, maana nililipia. Jumapili iliyofuata binti alikuja na flashi. Ndani yake kulikuwa na episodi ya nne kurushwa ya mfululizo wa kwanza kabisa, ya Septemba 29, 1966. Spock anaingia kwenye chumba kitupu, mlango unafunga nyuma yake, anajikaza. Anajaribu kuhesabu namba ili atulie, kama mtoto anayezuia kwikwi. Namba hazimsaidii. Anakaa mezani analia, anasema hakuweza kamwe kumwambia mama yake kwamba anampenda.

Banda lote likanitazama. Nikasema, "Ile ni ugonjwa!" Na ni kweli, ndani ya hadithi wafanyakazi wa meli wameambukizwa kitu kinachowaondolea kujizuia. Lakini ukishafika mahali pa kusema "ile ni ugonjwa," mechi imekwisha. Niliondoka na mvua yangu, mwavuli nikauacha. Jumapili mbili sikuonekana, nikajifanya nina shughuli Himo.

Kwa hiyo la kwanza, kama wewe ni wa zamani kama mimi: neno "hakuwahi" liogope. Star Trek ina miaka sitini, na karibu kila kitu unachodhani kimeanza jana kilikuwapo. Ile filamu ya majaribio ya mwanzo, iliyokamilika 1965 na kukataliwa na kituo cha NBC, ina Spock anayetabasamu kwa sababu ya majani ya mmea yanayotoa sauti. Ubaridi aliokuja kupata haukuwa wake. Ulikuwa wa mhusika mwingine, mwanamke msaidizi wa nahodha, ambaye aliondolewa, naye Spock akarithishwa tabia yake. Sasa mimi nilikuwa nalinda "asili" ambayo hata Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, aliipata katikati ya safari.

Tena tunasema vibaya tunaposema Wavulkan, watu wa asili ya Spock, hawana hisia. Wanazo, na hadithi yenyewe inasema ni kali kuliko zetu, wakajifunza kuzifunga kwa mantiki kwa sababu nusura ziwamalize. Mtu wa Moshi hahitaji kwenda angani kulielewa hilo. Siku tuliyomzika bibi kule kihambani, babu hakutoa chozi. Jioni, saa ile ile ya siku zote, akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe, akayakata mengi mno, ng'ombe wenyewe walikuwa wawili. Hakuna aliyesema mzee hana hisia. Tulimwachia njia.

Niliporudi kijiweni (mwavuli ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, hakuna aliyenitania, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi), tulikubaliana kitu. Tuache kubishana kama mhusika alie au asilie. Tulichukue swali la Mama mkubwa tulifanye kipimo: amefiwa na nani? Yaani kilio hiki kimelipiwa na nini?

Jaribu kwa Data, roboti wa mfululizo wa The Next Generation. Misimu saba, kuanzia 1987 hadi 1994, tunamwona akitamani hisia jinsi mtoto anavyotazama chipsi kupitia kioo cha kabati. Anafuga paka, anamwandikia shairi, hajui kama anampenda. Ndipo kwenye filamu ya 1994 anawekewa kifaa cha hisia. Meli inaanguka, wanapekua mabaki, anampata yule paka mzima. Machozi yanamtoka. Anafikiri kifaa kimeharibika, kwa sababu amefurahi na bado analia. Kwa mgeni hiyo ni tone moja la maji kwenye shavu la mtu aliyepakwa rangi. Kwa aliyekaa naye miaka saba ni kitu kingine: Fundi aliomba samahani akatoka nje kuangalia kama mvua imekatika. Ilikuwa kiangazi.

Pale hakuna hata aliyefiwa, ila deni lilikuwa la miaka saba.

Binti naye akaleta mtihani wake, na ni mgumu. Msimu wa tatu wa Discovery, ulioanza 2020, meli inarukia karne ya 32 na kukuta Shirikisho, ule muungano wa sayari, limesambaratika. Zaidi ya miaka 100 nyuma, madini yanayoendesha meli yalizimika ghafla karibu kote, meli zilizokuwa zimewasha injini zikalipuka. Msimu mzima tunatafuta nani alifanya. Jibu: mtoto mmoja, Su'Kal, aliyekulia peke yake kwenye sayari yenye madini hayo, alipiga yowe mama yake alipokufa. Mashabiki wengi walikasirika. Maafa ya dunia zote yasababishwe na mtoto kulia?

"Anko," binti akasema, "swali la Mama mkubwa hapa limejibiwa kuliko popote. Amefiwa na mama yake."

Mwalimu akaanza kunung'unika jinsi yowe linavyoweza kuvuka nyota. Tulimnyamazisha, yeye hata mlipuko wenye sauti angani hajawahi kuusamehe. Mimi nilikaa kimya kidogo, kitu kipya kwangu. Kisha nikasema tatizo langu si yowe. Msimu una episodi 13, na huyu Su'Kal tunakutana naye kwenye ya 11. Ni kama umeitwa kwenye msiba wa mtu usiyemjua. Unakaa kwenye turubai, unainamisha kichwa, unatoa rambirambi yako, lakini unalia kwa adabu. Wangetukutanisha naye mapema, hata mimi ningekwenda kuangalia mvua.

Hakukubali yote, alikubali nusu. Na mimi nikakubali kwamba mwezi mmoja nyuma ningeita jambo lile "utoto" nikafunga mjadala.

Halafu akanigeuzia swali. Yule Burnham aliyemhurumisha Mama mkubwa, jibu nililompa lilikuwa la uvivu. Alilelewa na Wavulkan baada ya nyumbani kwao kushambuliwa na kubaki bila wazazi akiwa mdogo. Amekulia nyumba ambayo kulia ni aibu. Kwa hiyo ndiyo, Mama, huyu dada alifiwa, tena hakuruhusiwa kumaliza tanga. Hapo nilitakiwa kuwa nimejibu hivyo. Lalamiko linalonibakia ni dogo, ila silitoi: machozi ya kila wiki yanashuka bei kama nyanya za soko la Mbuyuni wakati wa msimu. Hazijaoza, ni nyingi tu.

Kuhusu huko mbele Star Trek inakoelekea, nina maneno machache, kwa sababu ndiko watu wanakopotezea marafiki bure. Najua kwa nini linatuuma. Sisi tuna haki yetu pale. Uhura, afisa wa mawasiliano wa mfululizo wa kwanza, jina lake limetokana na "uhuru," na baadaye akapewa jina la kwanza Nyota. Kwenye episodi ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanaume na kumwongelesha kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimevunjika vibaya, Fundi alirudisha mara nne na hatukuelewa, lakini ni Kiswahili, miaka mitano tu baada ya uhuru wa Tanganyika, kwenye televisheni ya Marekani. Mtu akigusa kitu kama hicho unahisi amekata mgomba wako.

Ila mgomba si wako. Kelele za mashabiki zina kazi, na zina kikomo. Kampeni ya barua ya 1967 na 1968 iliisaidia Star Trek kupata msimu wa tatu. Walishinda. Kisha kituo kikaipangia Ijumaa saa nne usiku, bajeti ikapunguzwa, na 1969 ikafungwa. Wenye mali ndio wanaoamua, na wenye mali hubadilika. Paramount yenyewe imeunganishwa na Skydance tangu Agosti 2025. Discovery ilimalizika 2024, na karne ya 32 ikaendelezwa na Starfleet Academy, yenye vijana wa chuo. Nikisikia watu wanasema "hii si Star Trek tena," nakumbuka kwamba 1987, ilipoanza The Next Generation, yalisemwa hayohayo, kwamba bila nahodha Kirk na Spock hakuna kitu. Na 1993 ikaja Deep Space Nine, kituo ambacho hakiendi popote, watu wakauliza safari iko wapi. Leo hizo mbili ndizo watu wa rika langu wanazotumia kuwapigia vijana.

Sema "mimi sikuipenda." Sentensi hiyo hakuna anayeweza kuibishia, na inamwachia mwenzako nafasi ya kukuuliza kwa nini. Ukisema "si Star Trek" umemwambia aliyeipenda kwamba hayumo. Na lile neno langu la "tamthilia," nililimaanisha kuwa ni mambo ya wanawake, binti alilielewa hivyo, na alikuwa sahihi kununa. Nilimwomba radhi mbele ya wote, si pembeni, kwa sababu matusi nayo nilitoa mbele ya wote. Usimwage mtama, yaani usimsimulie yatakayotokea, kwa ambaye hajaangalia, hata kama unadhani inamsaidia. Na mwenye umri mkubwa asitumie mwaka wake wa kuzaliwa kama hoja.

Jumapili hii, Luku ikikubali, tunaanza Starfleet Academy. Wengine wameshaiangalia wenyewe kwenye simu na wameapa kufunga midomo. Mimi nimeapa kutotoa neno mpaka episodi ya tatu iishe. Binti amekiandika kiapo changu kwa chaki kwenye ubao wa Fundi, chini kabisa ya orodha ya wanaodaiwa, na Mama mkubwa ametuma ujumbe kuuliza kama yule paka atakuwepo.