Usimnyime mbwa chakula ili ajifunze

Nilipoanza kumfundisha mbwa wangu kukaa chini geti linapofunguliwa, nilishauriwa nimnyime chakula tangu siku iliyotangulia, kwa kuwa eti mbwa mwenye njaa ndiye msikivu. Niliufuata ushauri huo kwa siku mbili, nikajuta. Kila nilipotoa kipande cha ini mfukoni aliurukia mkono, akabweka, asiitazame kabisa ishara niliyokuwa nikimpa. Geti lenyewe, ambalo ndilo lilikuwa somo, halikuwamo akilini mwake.

Baadaye nilisoma kuhusu majaribio ambayo mwanasaikolojia Herbert Birch aliyachapisha mwaka 1945, ya sokwe wachanga waliotakiwa kujipatia chakula kwa kutumia kamba na fimbo. Walipokuwa na njaa ndogo mno, walivutwa na kila kilichopita. Walipozidiwa na njaa, walikikodolea macho chakula hata wasitambue kitu kingine ambacho kingewasaidia kukifikia. Walifanya vizuri zaidi njaa ilipokuwa ya wastani. Nilimwona mbwa wangu katika maelezo hayo, na mimi mwenyewe pia, kwa aibu kidogo.

Kwa hiyo ninashauri umpe mlo wa asubuhi kama kawaida, kisha umfundishe jioni kabla ya mlo wa pili, kwa dakika 10 hivi, ukitumia vipande vidogo kama punje ya hindi. Somo likiwa gumu, kwa mfano kutulia hadi mgeni apite, mimi humtangulizia chakula kidogo ili kwanza pupa imtoke.

Vilevile, asipotii, usiseme upesi kwamba amesahau. Mwaka 1930 wanasaikolojia Edward Tolman na C. H. Honzik walieleza habari za panya waliozungushwa katika vichochoro vya majaribio, vyenye njia za kupoteza, kwa siku 10 bila kukuta chakula mwishoni, wakaonekana kama hawajifunzi kitu. Chakula kilipoanza kuwekwa siku ya 11, makosa yao yalipungua ghafla, wakawafikia wenzao waliokuwa wakizawadiwa tangu mwanzo. Njia walikuwa wanaijua, ila hawakuwa na sababu ya kuifuata. Mbwa wangu naye, Jumapili moja alipokuwa ametoka kula ugali na dagaa, alinitazama tu nilipomwamuru akae. Nilimfokea, nikarudia somo lote tangu mwanzo, kazi bure, kwani kesho yake jioni alikaa kabla hata sijamaliza kutamka neno.