Fizi Zinavuja Damu, Dawa Nimemaliza: Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Meno

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43. Mwaka mzima sasa fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na meno mawili ya mbele chini yameanza kucheza. Duka la dawa nilipewa amoksilini na metronidazoli za siku 7. Damu ilipungua, baada ya wiki tatu ikarudi. Nimesoma kwamba chembe nyeupe za damu ndizo zinazokula mfupa wa jino. Askari anabomoaje nyumba anayoilinda? Na nikienda kusafishwa, si meno yatalegea zaidi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Anza na ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi. Umejaa bakteria. Ukiachwa kwenye shingo ya jino, siku ya 2 hadi ya 4 chembe nyeupe ziitwazo neutrofili hutoka kwenye mishipa ya fizi na kumiminika kwenye mfereji mwembamba kati ya fizi na jino. Humeza bakteria, na zikizidiwa hupasuka na kumwaga vimeng'enya vyake hapo hapo. Vimeng'enya hivyo havichagui adui: kimojawapo hukata nyuzi za kolajeni zinazoifunga fizi kwenye jino. Kisha huja chembe nyeupe za aina nyingine, makrofaji na limfosaiti, na wiki ya 2 au ya 3 seli za plazma, zinazotengeneza kingamwili.

Mpaka hapo mfupa ni mzima. Mwaka 1965 huko Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake waliwaachisha watu 12 kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote ziliwaka, na waliporudia usafi zilipoa baada ya wiki moja hivi.

Uvimbe ukikaa na kushuka chini ndipo balaa linapoanza. Limfosaiti za T na B hutoa protini iitwayo RANKL, inayoziamuru seli za ukoo mmoja na makrofaji ziungane ziwe osteoklasti. Hizi huyeyusha mfupa kwa asidi. Ni kama mwili unauhamisha mfupa mbali na uchafu, na jino linabaki bila nguzo.

Lakini usiwachukie askari. Watoto wanaozaliwa na hitilafu inayozuia neutrofili kutoka kwenye damu hung'oka meno wakiwa wadogo. Kwa hiyo dawa ya kushusha kinga si tiba hapa.

Vidonge ulivyopewa, ambavyo ni vya kuua bakteria, vilishindwa kwa sababu haviyeyushi ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuganda kuwa jiwe, na haviupenyi vizuri ule utando. Jiwe likibaki, ukoga mpya hudaka juu yake na askari wanaitwa upya. Ugaga hupenda sana nyuma ya meno ya mbele chini, maana mate ya tezi za chini ya ulimi humwagikia hapo. Wakati mwingine ndio unaoyashika meno kama saruji. Ukitolewa, unagundua ulegevu uliokuwepo siku nyingi. Kusafisha hakulegezi jino.

Ukifika kliniki, omba upimwe kina cha mifuko ya fizi, sehemu 6 kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama. 4 na kuendelea ni mfuko wenye shida. 6 ni mrefu. Omba na eksirei. Usafishaji wa chini ya fizi hufanywa kwa ganzi, pengine kwa awamu mbili au zaidi. Tegemea meno kushtuka na maji baridi kwa wiki kadhaa, na mianya kuonekana fizi zikinywea. Wengi huogopa hapo na hawarudi, nako ni kosa kubwa. Upimwe tena baada ya miezi 3. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi, ila jino linaweza kukaza.

Nyumbani: mswaki laini, uelekezwe kwenye fizi kwa pembe ya nyuzi 45, dakika 2 asubuhi na usiku, na kijibrashi cha kati ya meno kinachoingia kwa kubana kidogo. Klorheksidini (dawa ya kusukutua mdomo) ya asilimia 0.2, sukutua mililita 10 kwa dakika 1, mara 2 kwa siku, isizidi wiki 2 bila ushauri (huacha madoa ya kahawia). Ukishapiga mswaki kwa dawa ya meno, subiri nusu saa ndipo usukutue. Kisha pima sukari ya damu: kisukari kisichodhibitiwa huwasha fizi, na fizi zinazowaka hupandisha sukari.

SWALI: Navuta sigara miaka 15, fizi hazijawahi kutoka damu. Nipo salama? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Uvutaji wa sigara hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi na kuzifanya neutrofili zizubae, kwa hiyo mfupa unaweza kuisha kimya kimya. Dalili ya damu umenyimwa. Nenda upimwe mifuko kama huyu mwenzio.