Sauti za kina mama hewani: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watangazaji wa redio za jamii. Tumejibu nne.

Kipindi chetu cha wanawake kinaruka Jumatano saa 4 asubuhi. Mada ni zao, mtangazaji ni mwanamke, lakini tukifungua simu wanaopiga karibu wote ni wanaume. Meneja anasema kina mama wanaona haya. Ni kweli? – Mtangazaji, Kigoma

Dada, haya tuiweke kando kwanza. Saa 4 asubuhi huyo mama yuko shambani au sokoni, redio imebaki nyumbani, na kama simu ni moja basi iko mfukoni kwa baba. Aliye na nafasi saa hiyo ni kijana wa bodaboda kijiweni, anasubiri abiria huku redio ya simu iko sikioni. Ndiye mnayemsikia.

Waulizeni kina mama kama ishirini, wa vijiji tofauti, siku yao inavyokwenda tangu alfajiri, na redio ikiwashwa huwa mikononi mwa nani. Wengi watawatajia usiku baada ya chakula. Lakini usiku mshika redio ni mwenye nyumba, na mada ya kipigo ikianza tu, stesheni inabadilishwa. Kwa mada nzito, alasiri ya saa 9 au 10 ina faida yake: mikono inapukuchua mahindi au kusuka nywele, masikio yako huru. Rusheni alasiri, marudio yawe usiku.

Kisha tengeni laini ya kina mama peke yao, na iwe ya kubipu. Yeye anabipu, ninyi mnapiga. Akibipu mwanaume, mpeni namba ya laini ya kawaida bila kubishana naye hewani. Gharama yake inahesabika: simu 5 za dakika 3 ni dakika 15 kwa kipindi, dakika 60 kwa mwezi wa vipindi vinne. Pelekeni hesabu hiyo kwa mfadhili. Inaombeka kuliko “kuwawezesha wanawake”.

Na wasiopiga kabisa, wafuateni siku ya vikoba, vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Kule Kivu Kusini, Kongo, shirika la SAMWAKI, yaani Sauti ya Mwanamke Kijijini, limefanya kazi hivyo na vilabu vya kusikiliza: kina mama wanasikiliza pamoja, wanajadili, na mawazo yao yanarudi redioni. Mtu akiwa na wenzake pembeni husema asiyoyasema akiwa peke yake na maiki.

Simu ya kawaida inatosha kurekodia. Iwekeni kwenye hali ya ndege, la sivyo itaita katikati ya maneno. Isilazwe mezani, kila kikombe kitakachogonga kitasikika; ishikwe ngumi moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili P na B zisipasue sauti. Upepo ukivuma, ifunikeni kwa ncha ya kanga. Rekodini sekunde 10, sikilizeni kwa hedifoni, ndipo muendelee. Mkimaliza, rekodini sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kusema, fundi atazihitaji kuziba pengo wakati wa kuhariri. Chini ya bati mvua ikianza, ahirisheni. Ni vigumu programu kuitoa sauti hiyo na maneno yakabaki ya kueleweka.

Mama mmoja aliyepigwa na mumewe amekubali kusimulia, ila asijulikane. Tumeinenepesha sauti yake kwa kompyuta. Inatosha? – Mhariri, Morogoro

Haitoshi. Sauti iliyoshushwa kwa programu inaweza kupandishwa tena na yeyote mwenye programu ya aina hiyo, na lafudhi na mwendo wa maneno havibadiliki hata kidogo. Mtu wa nyumbani atamjua kabla ya sentensi ya pili.

Njia salama ni kuandika maneno yake, kumsomea ayakubali, kisha mwanamke mwingine ayasome, na msikilizaji aambiwe hivyo. Kabla ya hapo punguzeni alama. “Mama wa watoto sita, mume fundi cherehani, karibu na kisima kipya” ni sawa na kumtaja jina. Kijijini mtu wa namna hiyo ni mmoja. Na sikilizeni kilicho nyuma ya sauti, kwa sababu hapo ndipo wengi hunaswa: adhana, mashine ya kukoboa ya jirani, mtoto anaitwa jina uani. Ndiyo maana hata vipande vifupi vya rekodi halisi hatushauri virushwe.

Faili lisihifadhiwe kwa jina lake. Namba yake isibaki kwenye simu ya studio inayoshikwa na kila zamu. Mwambieni pia ana haki ya kughairi hadi dakika ya kurusha, na akighairi msimbembeleze. Kipindi kingine kipo wiki ijayo.

Je, tunaweza kumhoji msichana wa miaka 15 aliyepata mimba? – Msomaji, Tanga

Hewani, hapana, hata mzazi akiridhia; huenda mzazi ndiye anayemficha aliyempa mimba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mhojini ofisa ustawi wa jamii au polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto kuhusu utaratibu, na tajeni namba 116 ya msaada kwa watoto.

Tukiwa hewani mama alipiga, akasema amebakwa jana yake. Mtangazaji alibabaika, akaweka muziki. Tungefanya nini? – Kituo cha jamii, Kilifi

Kuweka muziki kulikuwa sahihi. Kosa lingekuwa kumuuliza maswali mbele ya wasikilizaji. Muziki ukiwa hewani, mtu wa pili azungumze naye kwa simu, na karatasi hii iwe imebandikwa ukutani studio:

Aende hospitali leo. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asioge kwanza ikiwezekana. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kenya, fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini; P3, ya uchunguzi wa daktari, hutoka polisi. Tanzania fomu hiyo ya polisi ni PF3. Polisi wakiwa mbali, aanzie hospitali, saa hazingoji fomu. Kwa Kenya, 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure.

Mtangazaji akirudi hewani asimzungumzie kabisa aliyepiga. Asome namba hiyo ya msaada kama tangazo la kawaida, mara mbili, polepole, mtu apate kalamu.